Pedi za kufua: mwaka mmoja kati ya beseni na kamba

Gari la kunyonya vyoo lilipofika shuleni kwetu Machi mwaka jana, tulitarajia kazi ya saa moja. Bomba liliteremshwa shimoni, mashine ikanguruma, na baada ya dakika chache ikaanza kukoroma kama mtu aliyekabwa koo. Kijana aliyeshika bomba alilipandisha, akachomoa kwa ndoano kitu kilichovimba kuliko kiganja, kisha cha pili, kisha cha tatu, akawa anavipanga pembeni juu ya gunia. Kwa kuwa waliosimama pale walikuwa walimu wa kike peke yao, alijikaza kwa muda asiseme neno. Alipofika kama cha thelathini alinigeukia, akasema, "Mwalimu, samahani, choo hiki hakijajaa uchafu wa choo. Kimejaa pedi." Siku hiyo tulilipa karibu mara mbili ya bei tuliyopatana, na sikuona pa kuanzia kubisha.

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili katika shule ya sekondari iliyo nje kidogo ya mji wa Busia, upande wa Uganda, na kwa miaka 6 sasa nimekuwa pia mwalimu mlezi wa wasichana, kazi ambayo kwa Waganda ingekuwa ya ssenga, yaani shangazi anayewafunda wasichana, lakini shuleni imemwangukia mwenye ufunguo wa kabati. Ndani ya kabati hilo mna pedi za dharura, na kila msichana anayeshikwa na siku zake katikati ya kipindi huja kwangu. Kwa hiyo nyingi ya zile zilizopangwa juu ya gunia nilizigawa mimi, kwa mkono wangu mwenyewe. Pedi za kufua nilikuwa nikizisikia kila mwaka ifikapo tarehe 28 Mei, siku ya kimataifa ya usafi wa hedhi, iliyoanza kuadhimishwa mwaka 2014 na kuchaguliwa kwa hesabu ya mzunguko wa siku 28 na hedhi ya siku 5. Nilikuwa nikizisifu jukwaani bila kuwahi kuivaa hata moja. Baada ya siku ile ya gari niliona haya, nikaamua kuzitumia kwa miezi 12, masika na kiangazi, nyumbani na safarini, kabla ya kumshauri mtoto wa mtu.

Nilijaribu aina tatu: pedi za kufua zilizotengenezwa kiwandani, pedi za kufua zilizoshonwa na fundi wa sokoni, na kikombe cha hedhi. Sitataja chapa wala duka, kwa sababu ninachopima ni aina ya bidhaa na namna inavyoishi katika nyumba zetu. Kuhusu jina lenyewe, jirani zetu Wakenya husema sodo, Watanzania husema taulo za kike, na sisi wa mpakani tunasema pedi, neno linaloeleweka pande zote, nitabaki nalo.

Kabla ya kuanza, niliichukua pedi moja ya kawaida kutoka kabatini, nikaipasua kwa wembe juu ya meza ya chumba cha walimu, baada ya wenzangu wa kiume kuondoka. Tabaka la juu, lile linaloonekana kama pamba, ni nyuzi za plastiki zilizobanwa. Chini yake kuna tabaka la rojo la mbao lililokaushwa likawa kama pamba iliyochambuliwa, na ndani yake chembe ndogo ngumu mfano wa sukari. Nilizimiminia kijiko cha maji, zikavimba papo hapo zikawa kama uji mzito usiodondoka. Hiyo ni sodiamu poliakrileti, kemikali ileile iliyomo ndani ya nepi za watoto, na kazi yake ni kunywa maji mara nyingi ya uzito wake bila kuyaachilia. Chini kabisa kuna karatasi ya nailoni inayozuia kuvuja, gundi, na kipande cha kubandua. Na kila pedi imefungwa katika kifuko chake cha plastiki, kisha zote nane katika mfuko mwingine. Ukiisha kuiona hivyo, hushangai tena kwa nini gari lilikabwa. Kitu kilichoundwa kunywa maji na kuvimba tumekitupa ndani ya shimo lililojaa maji, na sehemu yake kubwa ni plastiki, ambayo haiozi shimoni hata kama shule itahamishwa.

Nilipiga hesabu ubaoni. Msichana anayetumia pakiti mbili za pedi nane kila mwezi hutupa pedi 16. Katika miezi 9 ya mwaka wa shule hizo ni 144. Tuna wasichana 240, na hata tukisema nusu yao tu ndio wanaomudu kununua pakiti hizo, ni zaidi ya pedi 17,000 kwa mwaka katika eneo moja lenye vyoo viwili. Nusu nyingine hutumia vitambaa, vipande vya godoro, au hubaki nyumbani, na hilo ni tatizo la namna nyingine.

Jambo linalonichekesha, ingawa si la kuchekesha, ni kwamba sisi wa mpakani tunaijua vizuri sheria ya mifuko ya plastiki. Tangu Agosti 2017, Kenya ilipopiga marufuku mifuko hiyo, kila anayevuka kwenda ng'ambo huficha au huacha kaveera yake, yaani mfuko wa nailoni, mpakani kana kwamba ni bangi. Uganda nayo ilipitisha marufuku ya kaveera nyembamba mwaka 2009, ingawa utekelezaji wake sokoni unaujua mwenyewe. Lakini pedi, ambayo ina plastiki juu, chini, ndani na nje, huvuka kwa katoni bila mtu kuiuliza jina.

Zisizotupwa chooni huchomwa. Shule yetu ina tanuri dogo la matofali, tulilojengewa kwa msaada, na mara nilipolisimamia niligundua kwamba pedi iliyotumika haichomeki kirahisi, kwa kuwa kiini chake kimeshiba maji. Plastiki ya nje huyeyuka kwanza, kiini hubaki kikitoa moshi mzito siku nzima, na moshi huo hupulizwa na upepo wa ziwani moja kwa moja hadi darasa la kidato cha kwanza. Moto hafifu ukikutana na plastiki hutoa hewa yenye sumu. Ili kuchoma vizuri unahitaji joto ambalo tanuri la kuni za mwarobaini halifikii. Mijini, pedi huenda jalalani. Tarehe 10 Agosti 2024 jalala la Kiteezi, ambalo tangu miaka ya 1990 lilibeba taka za Kampala, liliporomoka baada ya mvua na kufukia nyumba za watu, na zaidi ya watu 30 walikufa. Itakuwa uongo kusema kwamba mlima ule ulikuwa wa pedi; taka nyingi za Kampala ni maganda ya ndizi na mabaki ya chakula. Hata hivyo maganda huoza yakashuka, na kinachobaki juu ya mlima miaka na miaka ni vitu vya aina hii.

Sasa nije kwenye bidhaa. Pakiti ya pedi za kiwandani niliinunua katika duka la dawa mjini kwa shilingi 18,000 za Uganda. Ndani mlikuwa na pedi tatu za mchana, moja ya usiku iliyo ndefu zaidi, na kifuko kidogo cha kubebea chafu. Kitambaa cha juu ni laini na cheusi, jambo ambalo mwanzoni nililiona la urembo tu, hadi nilipofua mara ya kwanza nikaelewa kwamba doa halitamwaibisha mtu kambani. Cha chini hakipitishi maji. Mbawa mbili hukunjwa chini ya chupi na kufungwa kwa vifungo vya kubonyeza, vile vinavyolia "ta!" Kifungo hicho kikilia katika choo cha walimu chenye ukuta wa mabati, jirani anasikia. Nilizoea.

Kuhusu kuvuja, nilitegemea mabaya nikapata mema. Katika siku ya pili, ambayo kwangu ndiyo nzito, pedi ya mchana ilikaa saa 4 hadi 5 bila tatizo, na ile ya usiku ilifika asubuhi. Haichubui mapajani kama zile za dukani wakati wa joto la Januari, na haina ile harufu ya manukato yaliyochanganyika na damu, ambayo ni mbaya kuliko damu peke yake. Kasoro yake kubwa ya uvaaji ni kuteleza. Pedi ya kutupa ina gundi; hii inashikwa na vifungo tu, na chupi ikilegea nayo hutembea mbele au nyuma. Nilipokuwa nikifundisha nimesimama haikunisumbua, lakini siku niliyopanda bodaboda hadi Masafu na kurudi ilihama. Kwangu mtu mzima ni jambo dogo. Kwa msichana wa bweni mwenye chupi mbili za mtumba zilizolegea mpira, au asiye nayo kabisa, pedi ya namna hii haina pa kushika, na sijaona kabrasha hata moja linalosema waziwazi kwamba pakiti ya pedi za kufua bila chupi inayobana ni zawadi nusu.

Kufua ndiko watu wengi huniuliza, na huuliza kwa kukunja pua. Ukweli ni kwamba kufua ni rahisi kuliko kufua soksi za mwanafunzi. Kwanza unailoweka katika maji baridi kwa nusu saa. Maji ya moto ni marufuku, kwa sababu hugandisha damu kwenye nyuzi na doa halitoki tena. Kisha unamwaga maji yale mekundu, unasugua kwa sabuni ya mche, unasuuza mara mbili. Jiki hairuhusiwi, wala pasi, maana vyote viwili huharibu kile kitambaa kisichopitisha maji. Nilipima kwa mtungi: pedi tatu zilitumia takriban lita 6 za maji kwa jumla, na maji ya kusuuza niliyamwagia migomba. Mwezi wa Februari, kisima chetu kilipokauka na mtungi wa lita 20 ukafika shilingi 500, gharama hiyo niliisikia, lakini haikuniumiza.

Kilichoniumiza ni kuanika. Katika jua la Januari pedi ilikauka kwa saa 2 na nusu, ikawa kavu hadi ndani, safi, haina harufu. Aprili, mvua ikinyesha kila alasiri, ileile ilichukua siku 2 juu ya kamba niliyofunga chumbani kwangu, na siku ya pili bado ukiibana kati ya vidole uliisikia baridi katikati, mahali tabaka ni nene. Pedi nne hazitoshi katika hali hiyo. Unakuwa na moja mwilini, moja kwenye beseni na mbili kambani zisizokauka, na saa nane za usiku unajikuta ukitafuta ile pakiti ya zamani ya kutupa. Mwezi wa pili wa jaribio langu ndivyo ilivyokuwa, nami nalikiri. Nilinunua pakiti ya pili, na tangu nilipofikisha nane sikukwama tena.

Haya yote ni ya mtu mwenye chumba chake. Bwenini mambo ni mengine. Jioni moja ya Juni nilipita nyuma ya bweni nikaona kamba ina sketi za shule nane zimeanikwa saa 12 jioni, wakati ambao hakuna anayeanika nguo. Upepo ukainua sketi moja, nikaona chini yake kuna pedi ya kufua imebanwa kwa pini. Wasichana walikuwa wakianika pedi zao chini ya sketi, gizani, mbali na jua ambalo ndilo linalokausha na kuua vijidudu. Nilipoingia ndani nikaomba kwa upole kuonyeshwa zaidi, nilitolewa pedi mbili kutoka chini ya godoro, zikiwa na unyevu na harufu ya uvundo. Pedi ya kufua inayovaliwa mbichi inawasha na kuleta maradhi ya ngozi, na hapo inamdhuru mtumiaji kuliko hata ile ya plastiki. Tangu siku hiyo, mtu akiniuliza kama bidhaa hii ni nzuri, nami humuuliza kwanza ataianika wapi.

Baada ya miezi 12, pedi zangu ziko hivi: rangi imepauka, kifungo kimoja kilitoka mwezi wa nane nikamwendea fundi akanibadilishia kwa shilingi 500, na uwezo wa kunywa haujapungua kwa kiasi ninachoweza kukiona. Mtengenezaji aliahidi mwaka mmoja. Nadhani zitafika wa pili zikipelekwa polepole.

Uganda si mgeni wa bidhaa hii, na hilo wengi wa wasomaji wangu wa pwani huenda hawalijui. Kampuni ya AFRIpads, ambayo si iliyotengeneza pedi nilizonunua, ilianza karibu na mwaka 2010 katika kijiji cha Kitengesa wilayani Masaka, ikiwa na wanawake wachache na vyerehani, na leo pedi zake zimefika mbali nje ya nchi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford walifanya kazi katika shule 8 za wilaya ya Kamuli wakiwagawia wasichana pedi za kufua, elimu ya balehe, au vyote viwili, na matokeo waliyoyachapisha mwaka 2016 yalionyesha kwamba katika shule ambazo hazikupewa chochote utoro wa wasichana ulikuwa mbaya zaidi kwa asilimia 17. Sehemu inayonivutia zaidi ni kwamba hata elimu peke yake, bila pedi, ilisaidia. Karibu na wakati matokeo hayo yalipochapishwa serikali nayo ilikuwa na ahadi yake: pedi za bure kwa wasichana wa shule, iliyotolewa katika kampeni za uchaguzi wa 2016. Februari 2017 Waziri wa Elimu, Mama Janet Museveni, aliliambia Bunge kwamba fedha za kazi hiyo hazikuwepo, na Dakta Stella Nyanzi, wakati huo mtafiti wa Chuo Kikuu cha Makerere, akaanzisha mchango wa wananchi wa kununua pedi. Kabati langu bado linajazwa na michango ya wazazi.

Pedi za fundi wa sokoni nitazieleza kwa ufupi, kwa kuwa zina jambo moja tu la kusemwa. Fundi wangu, mama mmoja mwenye mikono ya dhahabu, alinishonea nne kwa shilingi 10,000, kitenge juu, flana na kipande cha taulo kuukuu katikati. Zilikuwa nzuri kutazama. Niliposimama kuandika ubaoni zikalia, kwacha kwacha, kama mtu anayefungua chipsi, na darasa zima la kidato cha pili likanyamaza kusikiliza. Ndani yake alikuwa ameweka kaveera ili zisivuje, kama mafundi wengi walivyofundishwa kwenye semina. Baada ya kufuliwa mara nne kaveera hiyo ilipasuka, pedi ikavuja, na vipande vya nailoni vikaanza kuelea ndani ya beseni langu. Yaani nilikimbia plastiki, nikaishona ndani ya kitenge. Nilirudi kwake na mwavuli uliovunjika mbavu, ili kitambaa chake kichukue nafasi ya kaveera. "Mwalimu, nikate mwavuli mzima?" akauliza. Nikamwambia akate. Toleo hilo la pili halilii, halivuji isipokuwa siku nzito sana, na linakauka haraka kuliko la kiwandani, kwa sababu tabaka zake hazikushonwa pamoja: unazifungua kama bahasha na kila moja inaanikwa peke yake. Kwa mwenye fundi anayesikiliza, hii ndiyo ya bei nafuu kuliko zote, na ningeipenda zaidi kama tungekuwa na mtu wa kuipima. Shirika la Viwango la Uganda, UNBS, lina kiwango chake cha pedi za kufua, lakini fundi wa soko la Busia hana habari nacho, wala sidhani kama kuna aliyewahi kumfikia kumweleza.

Kikombe cha hedhi nilikiogopa. Ni kikombe kidogo cha silikoni ya hospitali, laini kama chuchu ya chupa ya mtoto, kinachokunjwa na kuingizwa ukeni, kikafunguka na kupokea damu badala ya kuinyonya. Nilikinunua Kampala kwa shilingi 60,000, nikakaa nacho wiki mbili mezani kabla ya kukigusa. Mwezi wa kwanza kiliniuma kwa kuwa nilikuwa nimekaza mwili. Wa pili kilivuja kwa kuwa hakikufunguka. Wa tatu nilisahau kama ninacho. Si mimi peke yangu niliyechelewa: katika utafiti uliofanywa kwenye shule 30 za msingi huko Siaya, ng'ambo yetu tu, wasichana waliopewa vikombe walihitaji miezi kadhaa kabla ya kuvizoea. Mapitio ya tafiti 43 yaliyochapishwa katika jarida la kitabibu la Lancet Public Health mwaka 2019 yalikuta kwamba vikombe havivuji zaidi ya pedi au tamponi (kipande cha pamba kinachoingizwa ukeni), na kwamba takriban asilimia 70 ya waliovijaribu walitaka kuendelea navyo. Kinaweza kukaa kwa muda wa hadi saa 12, nacho kikitunzwa kinadumu hata miaka 10.

Maji yake ni kidogo, kamba hakihitaji, na uvundo hakina. Shida zake ziko kwingine. Choo chetu ni cha shimo, unachuchumaa, mikono imelowa, na shilingi 60,000 zimening'inia juu ya giza. Nilijifunza kuingia na chupa ndogo ya maji safi na kukiosha nikiwa nimesogea pembeni ya tundu. Kila mwisho wa hedhi ni lazima kichemshwe kwa dakika chache, na nyumba yenye sufuria moja haitakubali, hivyo nilitenga mkebe wa maziwa ya unga nikauandika jina langu. Kwa wasichana wadogo, wazazi huniuliza swali la bikira, Waislamu na Wakristo vilevile, na mimi huwajibu kwamba uamuzi huo ni wa nyumbani, shule haitagawa vikombe bila ya mzazi kujua. Kwangu mimi, siku tatu za kwanza sasa ni za kikombe, na zilizobaki ni za pedi.

Upande wa mazingira, ripoti ya Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa ya mwaka 2021, iliyolinganisha bidhaa hizi tangu malighafi hadi jalalani, ilikiweka kikombe mbele ya zote kwa madhara madogo. Kwa pedi za kufua ilitoa angalizo ambalo wauzaji hulipita: faida yake inategemea namna unavyofua. Anayezifua kwa mashine, kwa maji ya moto, na kuzikausha kwa umeme, hupoteza sehemu ya alichookoa. Hapo nilitabasamu. Mwanamke wa Busia anayefua kwa mkono, maji baridi, sabuni ya mche, na kukausha kwa jua, anaitumia bidhaa hii kama inavyotakiwa bila kusoma ripoti yoyote. Anachokosa ni jua lenyewe, kwa sababu ameambiwa alifiche.

Kwenye mfuko, hesabu yangu haikuwa tamu kama iliyoandikwa kwenye pakiti. Pedi za kutupa, pakiti mbili kwa mwezi za shilingi 3,500, ni shilingi 84,000 kwa mwaka. Pakiti mbili za kufua ni 36,000, na sabuni pamoja na maji ya kiangazi nimekadiria 12,000, jumla 48,000. Nimeokoa 36,000 katika mwaka wa kwanza, na wa pili nitaokoa zaidi. Lakini mama anayeuza dagaa hupata 3,500 leo na 3,500 wiki mbili zijazo. 18,000 kwa mkupuo hana, na duka la dawa halikopeshi. Kikundi cha akiba cha akina mama wa mtaani kwetu kimeanza kuwanunulia wanachama pakiti na kuwakata fedha kidogokidogo, na hilo nimeliona likifanya kazi kuliko hotuba zangu zote.

Pedi za kutupa sijazifukuza kabatini. Msichana anayeshikwa na siku zake akiwa kwenye mtihani hahitaji somo la mazingira, mama aliyejifungua jana hawezi kusimama kwenye beseni, na yuko asiye na maji kabisa. Kwa hao nimeanza kutafuta pedi za kutupa zilizo na plastiki kidogo. Dakta Moses Musaazi wa Chuo Kikuu cha Makerere alibuni MakaPads, zinazotengenezwa kwa mafunjo yaleyale ya kwenye mabwawa yetu pamoja na karatasi zilizotumika, na zimegawiwa kwa wingi katika makazi ya wakimbizi nchini. Kwa mabwawa tuliyonayo kuanzia hapa hadi Tororo, inanishangaza kwamba lazima niziagize kutoka mbali.

Kwa anayeuliza achukue ipi: mtu mzima mwenye maji ya kunawa na uvumilivu wa miezi mitatu, kikombe, na asihukumu mwezi wa kwanza. Msichana wa shule, pedi za kufua za kiwandani, nane wala si nne, pamoja na chupi zinazobana. Mwenye fundi mzuri, za fundi, baada ya kuuliza kwa sauti ndani mna nini.

Shuleni, kwa shilingi 140,000 za bodi ya wazazi tumezungushia mabati uwanja mdogo nyuma ya maktaba, hauna paa, na ndani tumefunga kamba nne. Ufunguo anao kiongozi wa bweni. Wiki ya kwanza nilikuta pedi tatu, zote zimefunikwa kwa leso. Wiki iliyopita nilihesabu 41, na zilizofunikwa ni sita. Gari la kunyonya litarudi katika likizo ya Agosti. Nimemwambia mhasibu atenge bei ya kawaida, naye akaniangalia, akaandika mara mbili yake.